Kibadala cha Jeni, si “Jeni ya Wasiwasi”

Mama mmoja aliniletea kipeperushi nilichokuwa nimekitafsiri mwenyewe, kidole amekiweka juu ya maneno matatu: “jeni ya wasiwasi”. Binti yake alikuwa halali usiku, na mtihani ukikaribia mikono inamtetemeka hata kalamu haishikiki. “Mwalimu,” akaniuliza, “kwa hiyo hii jeni ni mimi niliyempa?” Nilinyamaza kidogo, maana swali lile lilitokana na kalamu yangu. Wanasayansi hawakuandika hivyo. Niliandika mimi.

Kosa lilikuwa kwenye lile “ya”. Kiunganifu cha -a hubeba mizigo mingi. Dawa ya malaria huiondoa malaria, mbu wa malaria huieneza, mgonjwa wa malaria anaumwa nayo. Uhusiano ni wa namna tatu na kiunganifu ni kimoja, wala hatupotei, kwa sababu dawa, mbu na mgonjwa tunawajua. Jeni wengi wetu hatuijui. Msomaji akikuta “jeni ya wasiwasi” hujaza maana iliyo nzito kuliko zote: kitu kilichomo mwilini ambacho kazi yake ni kuleta wasiwasi. Jeni ya aina hiyo haipo.

Chukua jeni iliyovumishwa zaidi kwa jina hilo, SLC6A4, iliyoko kwenye kromosomu ya 17. Kila mtu anayo, mwoga na shupavu. Hubeba maelekezo ya kutengeneza protini inayoirudisha kemikali ya ujumbe iitwayo serotonini ndani ya seli ya neva baada ya ujumbe kupita. Tunachotofautiana ni urefu wa kipande kilicho mbele ya maelekezo hayo, ambacho husaidia kuamua protini itengenezwe kwa wingi gani. Wengine wana kipande kirefu, wengine kifupi kilichopungukiwa na herufi za kijeni 44 hivi. Na kwa kuwa kila mtu hupata nakala moja kwa mama na moja kwa baba, wako wenye virefu viwili, wenye vifupi viwili, na wenye kimoja kimoja.

Namna hizo ndizo wanabiolojia huziita aleli, na darasani neno hilo linatosha. Kwa msomaji wa kawaida mimi nachagua kibadala. Wanaoijua pwani watanielewa upesi: Mombasa utasikia “ndia”, Unguja utasikia “njia”, na hakuna anayesema moja ni ugonjwa wa nyingine. Nimekuta pia “hitilafu ya jeni”, na silipendi. Zamani hitilafu ilikuwa tofauti tu, lakini leo anayesikia “hitilafu ya umeme” anajua kuna kitu kimeharibika. Mwenye kipande kifupi hajaharibika.

Uvumi wenyewe ulianza mwaka 1996, Klaus-Peter Lesch na wenzake walipowapima watu 505 wakaona wenye kipande kifupi wana mwelekeo mkubwa kidogo wa wasiwasi. Kidogo kweli: kipande hicho kilieleza asilimia 3 hadi 4 tu ya tofauti baina ya watu. Mwaka 2002 Ahmad Hariri na wenzake wakaonyesha kwamba kwa wenye kipande kifupi amigdala, sehemu ya ubongo yenye umbo la lozi inayoshughulika na vitisho, iliitikia kwa nguvu zaidi walipotazama picha za nyuso zenye hofu au hasira. Mwaka uliofuata ukaja utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliowafuatilia watu tangu utotoni: kipande kifupi kikikutana na misukosuko ya maisha, ulisema, sonona huwa jirani.

Kisha mahesabu yakarudiwa. Mwaka 2009 tafiti 14 zilikusanywa pamoja, na mchango wa kipande kile haukuonekana. Kilichobaki kimesimama ni misukosuko yenyewe. Mwaka 2019 uchambuzi wa sonona uliohusisha maelfu kwa maelfu ya watu nao haukuipa jeni hiyo nafasi ya pekee. Picha iliyopo sasa ni ya vibadala vingi mno, vilivyotawanyika kwenye kromosomu mbalimbali, kila kimoja kikisukuma kidogo sana.

Urithi upo, hilo lisifichwe. Tafiti za mapacha hukadiria kwamba asilimia 30 hadi 40 ya tofauti baina ya watu katika magonjwa ya wasiwasi inahusiana na jeni. Ila shika neno “tofauti”. Asilimia hiyo inahusu kundi zima la watu. Haina maana kwamba theluthi ya wasiwasi wa binti yule imetoka kwa mamaye, wala hakuna kipimo cha kusema hivyo juu ya mtu mmoja.

Nilimweleza mama yule haya yote, polepole, tukiwa na kile kipeperushi mkononi. Akasema, “Basi si mimi peke yangu.” Nikamwambia, “Mama, huna kosa lolote. Mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili, wasiwasi wa namna hii unatibika.”

Kipeperushi nimekisahihisha. Sasa kinasomeka: “vibadala vingi vya jeni vinavyohusishwa na wasiwasi, kila kimoja kwa kiasi kidogo”. Maneno yameongezeka, na mhariri alitaka yapunguzwe. Watafsiri wenzangu, nawaomba tusikubali kuyapunguza.