Kutuma habari ya uongo kwa simu: sheria inasema nini?

Wakaaji wengi wa Goma wanapata habari kupitia WhatsApp: barabara iliyofungwa, masasi yaliyosikika usiku, jirani anayesemwa kuwa mwizi. Wengi wanaituma kwa wengine mbele ya kuuliza imetoka wapi.

Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, Kongo iko na sheria ya numeriki, namba 23/010. Kifungu cha 360 kinaazibu mutu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mwingine, na pia yule anayeisambaza. Azabu ni kifungo cha mwezi moja mpaka miezi sita na faini ya franka za Kongo 500.000 mpaka 1.000.000, ao moja kati ya hizo mbili.

Watetezi wa vyombo vya habari wanalalamika kwamba sheria hiyo inaweza kufunga watu midomo. Ilitajwa katika kesi ya mwandishi wa habari Stanis Bujakera, aliyekaa gerezani Kinshasa tangu mwezi wa tisa 2023 mpaka mwezi wa tatu 2024.

Kwa hiyo, kusema «nilitumiwa tu» hakumuondolee mutu kosa. Kama haujui habari imetoka kwa nani, usiitume.