SOMO: VIJIDUDU RAFIKI KATIKA CHAKULA CHA SAMAKI

Leo tutasoma habari za vijidudu, yaani viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Wengi wetu tumefundishwa kuviogopa, maana vingine huleta magonjwa. Lakini viko pia vijidudu rafiki. Vijidudu ndivyo vinavyogandisha mtindi tunaokunywa, na hamira inayoumua maandazi ina uhai vilevile. Basi, tutazame jinsi rafiki hao walivyofika katika bwawa la samaki.

Habari hii ilianza Ulaya. Mtaalamu Elie Metchnikoff, mzaliwa wa himaya ya Urusi, alifanya kazi mjini Paris, Ufaransa. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 alieleza kwamba matumbo yetu yamejaa vijidudu, na kwamba vile vya maziwa ya mgando vyaweza kuwazuia wabaya. Aliamini hata kwamba wakulima wa Bulgaria waliishi miaka mingi kwa sababu ya maziwa hayo. Hilo halikuthibitika. Lakini fikira yake kwamba vijidudu vyema hushindana na vibaya ilikuwa na ukweli ndani yake.

Hata hivyo, wafugaji walishika kwanza njia nyingine. Karibu na mwaka 1950, huko Marekani, iligunduliwa kwamba vifaranga vya kuku hukua upesi vikitiliwa dawa ya kuua vijidudu, kidogo kidogo, katika chakula. Wafugaji wakafurahi, na desturi hiyo ikaenea kwa wanyama wengine. Lakini haraka haraka haina baraka. Vijidudu vilivyosalia viliizoea dawa, vikazaa vizazi visivyokufa kwayo. Na dawa nyingi za namna hiyo ndizo tunazopewa hospitalini! Vijidudu sugu vikimwingia mtu, naye akaugua, dawa haimsaidii. Kwa sababu hiyo Sweden ilikataza desturi hiyo mwaka 1986, na mwaka 2006 Umoja wa Ulaya wote ukaikataza.

Mwaka uleule wa 1986, huko Japani, ilitolewa taarifa ya njia tofauti. Samaki wa baharini aitwaye buri walitiliwa vijidudu vya udongo katika chakula, nao wakakua vizuri zaidi. Vijidudu hai vinavyotiwa katika chakula kwa ajili ya afya huitwa probaiotiki.

Kisha mwaka 2003, wataalamu wa Mexico walitoa matokeo ya jaribio la vifaranga vya sato, samaki ambaye asili yake ni Afrika. Wengine walipewa chakula kitupu, wengine chakula chenye vijidudu vya jamii ya vile vya mtindi, na wengine chakula chenye hamira. Waliopewa vijidudu waliwapita wenzao wa chakula kitupu, na wa hamira wakawa mbele ya wote.

Je, vijidudu hivyo hufanya kazi gani tumboni? Kwanza, hukaa mahali ambapo vijidudu vya ugonjwa vingekaa, na kula chakula ambacho vingekula. Pili, vingine hutoa ukali kama ule wa mtindi, ambao wabaya hawaupendi. Tatu, husaidia kuvunjavunja chakula, ili samaki apate nguvu nyingi zaidi katika pumba na mashudu anayolishwa. Mfugaji wa samaki anajua kwamba fedha zake nyingi huishia katika chakula. Chakula kisichoyeyuka tumboni hutoka kama mavi, kikachafua maji.

Lakini sikilizeni vizuri: probaiotiki si uganga. Haziponyi bwawa lenye maji machafu, wala samaki waliojazana kupita kiasi. Tena ni vitu hai. Nyingi hufa zikipikwa au zikianikwa juani, na kila aina ina kipimo chake. Mwulizeni bwana samaki wa wilaya yenu kabla ya kununua. Wala msitie dawa za hospitali katika chakula cha samaki ili wakue upesi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Sweden ilikataza dawa katika chakula cha wanyama?
2. Taja kazi tatu za vijidudu rafiki katika tumbo la samaki.
3. Je, nyumbani kwenu mnatumia vijidudu rafiki katika vyakula gani?

Kwa herini, hadi somo lijalo.