Kujiandikisha kutoa uboho wa mifupa

Uboho ndio unaotengeneza damu mwilini. Mwenye kansa ya damu, au mtoto wa SS, anaweza kupona akipandikizwa uboho unaolingana na wake. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana naye. Akikosekana, hutafutwa mtu mwingine, mara nyingi wa asili moja. Waafrika waliojiandikisha ni wachache, na wagonjwa wetu hukosa.

Uingereza, Anthony Nolan huandikisha wenye miaka 16 hadi 30. Marekani, NMDP huandikisha wa 18 hadi 40. Hupanguswa tu ndani ya shavu. Siku ya kutoa, mara nyingi damu hupitishwa mkononi.

Tuwaambie watoto wetu walio ng'ambo. Lakini ajiandikishe aliye tayari: akiitwa akakataa, mgonjwa aweza kufa.