Walokole: Walivyoshika imani dunia ilipobadilika

Neno "mlokole" linajulikana karibu kila kijiji cha Afrika Mashariki. Wapo wanaolitamka kwa heshima, na wapo wanaolitamka kwa mzaha wakimaanisha mtu asiyegusa pombe na anayesali kupita kiasi. Limetoka katika lugha ya Kiganda, ambako balokole ni watu waliookoka. Katika makala hii tunaeleza watu hao walikuwa akina nani, dunia yao ilibadilikaje, na kwa nini njia yao inamhusu hata Mkristo wa leo mwenye simu mkononi.

Ulikoanzia Uamsho

Mwaka 1928 na 1929 njaa kali iliipiga Rwanda. Huko Gahini, mashariki mwa nchi, kando ya Ziwa Muhazi, kulikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari wake, Mwingereza Joe Church, alichoka mwili na roho. Septemba 1929 alikwenda Kampala, akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari. Kilichowasumbua ni kwamba kanisa lilikuwa na watu wengi waliobatizwa, lakini maisha yao hayakuonyesha tofauti.

Daktari Church aliporudi Gahini, moto uliwashwa pole pole. Miongoni mwa walioongoza ni Yosiya Kinuka, mtumishi wa hospitali, na Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyefariki Januari 1936 akiwa bado kijana. Vikundi vya wahubiri vilitoka hapo kwenda Burundi na Uganda. Mwaka 1937 walifika Kabete, Kenya. Tanganyika nayo ikafikiwa, na Uamsho ukashika mizizi Bukoba miongoni mwa Walutheri. Josiah Kibira, aliyetoka katika Uamsho huo wa Bukoba, alikuja kuwa askofu, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani.

Walokole wengi hawakuanzisha dhehebu. Walibaki Waanglikana, Walutheri, Wapresbiteri na Wamethodisti, hata pale walipokuwa hawatakiwi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, walifukuzwa baada ya kukataa amri ya kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao. Mmoja wao, William Nagenda, baadaye alihubiri katika nchi nyingi.

Ushirika na kutembea nuruni

Nguvu yao haikuwa katika mikutano mikubwa peke yake. Ilikuwa katika ushirika, yaani kikundi kidogo kilichokutana nyumbani kwa mtu au chini ya mti, kila juma. Hapo kila mmoja alieleza ameishije tangu walipoachana: alipoanguka, alipodanganya, aliyemchukia. Waliita jambo hilo kutembea nuruni, wakitegemea Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 1, mstari wa 7.

Maneno peke yake hayakutosha. Aliyeiba alirudisha. Watu walirudisha ng'ombe, fedha na vifaa vya waajiri wao. Waliokuwa na chuki waliendeana kuombana msamaha. Wamisionari Wazungu nao walisimama mbele ya Waafrika na kukiri kiburi chao, jambo ambalo enzi za ukoloni halikuwa la kawaida. Wanawake walishuhudia sawasawa na wanaume.

Ushirika huo ulikuwa na gharama. Kukataa pombe ya kienyeji kulikuwa kama kukataa undugu, kwa sababu pombe ndiyo iliyotumika katika mahari, matanga na mapatano. Aliyeacha matambiko ya ukoo alihesabiwa kuwa mtu asiye na kwao. Ndipo ndugu wa ushirika wakawa ukoo wake mpya: wakimlimia shamba akiugua, wakisimama naye akioa au akizika.

Kiapo na bunduki, Kenya

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya. Wapiganaji wa Mau Mau walidai ardhi na uhuru, na madai hayo yalikuwa ya kweli, kwani Wakikuyu wengi walikuwa wamenyang'anywa mashamba. Watu walitakiwa kula kiapo, na mara nyingi damu ya mbuzi ilitumika.

Walokole wengi walikataa. Walisema wamekwisha kushiriki damu ya Kristo katika meza ya Bwana, hawawezi kunywa nyingine. Lakini serikali ilipowataka wachukue bunduki kupigana na Mau Mau, wengi wao walikataa pia. Hivyo wakashukiwa na pande zote mbili. Baadhi waliuawa na majirani waliowafahamu tangu utoto.

Uganda ya Amin

Miaka 25 baadaye mtihani ulikuwa Uganda. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, aliongoza maaskofu kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji. Februari 16, 1977, aliuawa. Serikali ilidai ni ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere, mlokole mwenzake, alitoroka na mkewe kwa miguu, usiku, kupitia milimani hadi Rwanda. Mwaka huo huo aliandika kitabu akieleza kwamba anampenda Amin, kwa sababu Kristo alimtaka asamehe. Leo Februari 16 ni sikukuu ya taifa Uganda.

Walipogawanyika

Hatusemi haya ili kuwafanya watakatifu wasio na kosa. Dunia ilipobadilika, walokole wenyewe walishindwa kukubaliana ni kipi dhambi na ni kipi kitu kipya tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi lililoitwa Abazukufu lilijitenga Uganda. Lilisema wenzao wamelala, na likakemea mavazi ya kisasa na kuchukua mikopo. Kenya nako ukatokea mgawanyiko wa namna hiyo. Ndugu waliokuwa wakilia pamoja wakaacha kusalimiana.

Jeraha kubwa zaidi ni Rwanda, mahali ulikoanzia Uamsho. Mwaka 1994, kuanzia Aprili hadi Julai, mamia ya maelfu ya Watutsi waliuawa katika mauaji ya kimbari, wengine ndani ya makanisa walikokimbilia. Wapo Wakristo waliokufa kwa kukataa kuwatoa majirani zao. Wapo pia waumini na viongozi wa kanisa walioshiriki au walionyamaza. Tunajifunza kwamba uaminifu haurithiwi kama shamba. Babu anaweza kuwa mlokole wa kweli, na mjukuu akabaki na jina tu.

Leo, simu mkononi

Mabadiliko ya siku hizi hayaji na kiapo cha usiku. Yanaingia kimya kimya kwa njia ya simu. Mtu anabeti fedha ya mbolea na mwenzi wake hajui. Anachukua mkopo wa simu kulipa mkopo mwingine, kisha anaangukia kwenye kausha damu. Anafungua ujumbe ambao hangeusoma mbele ya watoto wake. Au anasambaza uvumi dhidi ya kabila jingine kwenye kikundi cha WhatsApp, kisha Jumapili anaimba kwaya.

Je, mkopo ni dhambi? Abazukufu walijibu ndiyo. Wengine walijibu kwamba mkopo wa kusomesha mtoto ni msaada. Tukiangalia historia yao, tunaona swali lililowalinda zaidi lilikuwa jingine: je, jambo hili naweza kulieleza mbele ya ndugu zangu katika ushirika? Mkopo ambao mume na mke wameukubali na kikundi kinaufahamu ni jambo moja. Mkopo uliofichwa ndani ya simu yenye namba ya siri ni jambo jingine.

Kwa anayetaka kuijaribu njia hii, haihitaji fedha wala jengo. Inahitaji watu wachache, siku moja ya juma, na ahadi kwamba litakalosemwa halitoki nje. Walokole walijifunza kwa uchungu kwamba ushuhuda ukigeuzwa umbea, watu hufunga midomo na ushirika hufa. Inahitaji pia kurudisha: aliyedhulumu mzani wa kahawa aende kwa mkulima na tofauti yake mkononi.

Kivengere, Luwum na wale wa Kikuyu hawakuanza kuwa waaminifu siku ya hatari. Walikuwa wamezoea kusema kweli juu ya mambo madogo, kila juma, mbele ya watu waliowajua. Siku kubwa ilipofika, ilikuta hawana cha kuficha.