Kipimo Kinachozalisha Wagonjwa: Hoja kutoka Voi

Vipimo vya maabara visivyo vya lazima vinapojadiliwa, aghalabu hesabu huanzia kwenye fedha. Mgonjwa aliyeteremka kwa matatu kutoka Wundanyi hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi anaijua hesabu hiyo vyema. Hata hivyo, naona madhara makubwa zaidi yako kwingine: kipimo kibovu humbandika mtu ugonjwa asio nao.

Widal ni ushahidi tosha. Kipimo hiki kilibuniwa Ufaransa mwaka 1896, na vituo vingi vya Kenya bado hukiomba mtu akilalamikia homa tu. Hakitafuti bakteria wa taifodi bali kingamwili, ambazo huweza kuwa masalia ya maambukizi ya zamani au kuchochewa na maradhi mengine. Tuseme watu 100 wenye homa wanapimwa, nao 5 ndio wenye taifodi. Kikiwanasa 4 kati ya hao, na kikimkosea mmoja katika kila watano wasio nayo, majibu chanya yatakuwa 23. Watu 19 watarudi nyumbani na antibiotiki wasizozihitaji, na chanzo cha homa yao hakitatafutwa tena, kwa kuwa jibu limeshapatikana.

Hesabu hiyo ni ya kukadiria. Ya bruselosi, ugonjwa utokao kwa mifugo, imefanyiwa utafiti. Watafiti magharibi mwa Kenya walichapisha mwaka 2017 matokeo ya kutisha: kipimo cha haraka kilichozoeleka vituoni kilitoa jibu chanya kwa takriban mtu mmoja kati ya watano, ilhali kile cha Rose Bengal kilitoa kwa chini ya mmoja kati ya mia. Katika kaunti ya ranchi kama Taita Taveta, ambako bruselosi hushukiwa kwa urahisi, kosa la namna hiyo humtwisha mtu dawa za wiki sita.

Kuwakemea matabibu hakutasaidia. Foleni ni ndefu, mgonjwa mwenyewe anataka apimwe, na fomu yenye visanduku hurahisisha kutia alama kote. Widal iondolewe kwenye fomu. Swali la kama mgonjwa hunywa maziwa mabichi litangulie kipimo cha bruselosi, nacho kiwe Rose Bengal. Kipimo cha malaria kisiguswe: tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka kila anayeshukiwa apimwe kabla ya tiba, na mkaazi wa milima ya Taita aliyelala Taveta majuzi anastahili kipimo hicho.

Kikwazo kigumu ni mapato. Sheria ya mwaka 2023 ya ufadhili wa uboreshaji wa vituo vya afya inaviruhusu vituo vya umma kubaki na fedha vinazokusanya. Naiunga mkono, lakini ada ya kila kipimo sasa ni riziki ya kituo, na anayepunguza vipimo anaonekana kupunguza bajeti. Kaunti ifidie pengo hilo waziwazi kwa kugharamia uoteshaji wa bakteria kutoka kwenye damu, kipimo ambacho kweli huonyesha taifodi na dawa inayoiweza.