Kupandisha Data Daraja

Katika mifumo mikubwa ya hifadhi, kama ile ya benki na kampuni za simu, data haikai mahali pamoja. Ya moto, inayosomwa kila dakika, huwekwa kwenye diski za flashi. Ya baridi hushushwa kwenye diski zinazozunguka, ambazo bei yake ni nafuu, ila diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika haimudu zaidi ya maombi 100 hivi kwa sekunde. Kazi hii ya kuhamisha tuiite upangaji madaraja. Lugha ya utumishi inatufaa hapa: data hupandishwa au kushushwa daraja kama mwalimu, isipokuwa huku hakuna chama cha kukatia rufaa.

Kigumu ni kuamua ukubwa wa kipande kinachohama. Easy Tier, programu ya IBM ya kupanga madaraja kwenye mfumo wake wa hifadhi wa DS8000, ilianza na vipande vya GB 1. Hitachi ikachagua kurasa za MB 42. Kata TB 10 kwa GB 1, unapata vipande kama 10,000. Kata kwa MB 42, vinafika karibu 250,000, na kila kimoja mfumo lazima ujue kiko wapi na kimeguswa mara ngapi. Hesabu hizo zinakula RAM na prosesa. Lakini kipande kikubwa nacho huja na wapambe: hifadhidata inataka ukurasa wa KB 8 tu, GB nzima inapanda nao, na flashi ya bei ghali inajaa data isiyoulizwa na mtu.

Kuhama kwenyewe pia ni mzigo. GB 1 husomwa kutoka diski ile ile iliyokwisha kulemewa. Kwa MB 150 kwa sekunde ni karibu sekunde 7, tena kama diski haina kazi nyingine, jambo ambalo halitokei. Ndiyo maana VNX, mfumo wa hifadhi wa EMC, ilimwachia msimamizi apange saa na kasi ya kuhamisha. Wengi huchagua usiku, na usiku nao una wenyewe: nakala rudufu na ufungaji wa hesabu za siku.

Halafu uamuzi wa kupandisha au kushusha hutegemea takwimu za usomaji, nazo hutazama nyuma. Jedwali la mishahara hulala mwezi mzima, likashushwa. Siku ya malipo linasomwa kwa kujikongoja, na usiku wake ndipo linapandishwa, watu wameshalipwa. Jedwali la namna hiyo ningelifunga kwenye flashi kwa amri, na gharama ya nafasi yake niiandikie idara ya fedha.