Nani Alijenga Nyumba za Majini? Safari ya Magofu ya Mombasa na Mtwapa

Kama umelelewa pwani ya Kenya, haya huhitaji kuambiwa. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, hupiti chini ya mbuyu. Magharibi ikiingia, hukai kando ya gofu. Na ukisikia mtu anakuita jina kwa nyuma, usiitike haraka. Bibi yangu alinifundisha hayo kabla sijajua kusoma. Miaka mingi baadaye nikaenda kumwambia kwamba nasomea shahada ya uzamili ya akiolojia, yaani kazi yangu itakuwa ni kuingia kwenye magofu hayo hayo na kuchimba. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, kwani kazi zimekwisha?"

Makala hii ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa. Nataka nikupitishe mahali patatu panaposemekana pana majini, pamoja wapo ndani ya kisiwa cha Mombasa na pawili Mtwapa, ng'ambo ya kaskazini. Swali langu si kama majini yapo. Hilo ukiniuliza mchana nina jibu moja, ukiniuliza usiku peke yangu huenda nikawa na jingine. Ninalotaka kujua ni hili: gofu linageuka lini kuwa la majini? Kwa sababu hata hadithi ya jini ina umri wake, na mara nyingine umri huo unaweza kupimwa.

Tuanze Mbaraki, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa. Hapo pana mnara wa mawe ya matumbawe, mrefu, uwazi ndani, umesimama kando ya msikiti mdogo. Watu wa Mombasa wanaujua. Wapo wanaokwenda na ubani na marashi ya waridi, mtu ana mgonjwa, mwingine ana shida ya mtoto, mwingine biashara imekwama. Ukifika siku ya kawaida unaweza kuikuta harufu ya ubani bado iko hewani.

Watu wengi nikiwauliza hufikiri mambo yalikwenda hivi: zamani sana palijengwa mnara, waliojenga wakasahaulika, basi watu waliokuja baadaye wakauona mnara wasioujua, wakaogopa, wakasema una jini. Inaingia akilini, sivyo? Lakini udongo unasema vingine. Hamo Sassoon, mwanaakiolojia aliyechimba pale na kuchapisha matokeo yake mwaka 1982, alikuta kwamba kilichotangulia ni msikiti, wa karne ya 15. Msikiti ukaanguka. Ndani ya gofu la msikiti watu wakaanza kuja kuzungumza na pepo. Mnara ndio uliokuja mwisho, karibu na mwaka 1700.

Soma tena mpangilio huo taratibu. Mnara wenyewe haukuwazaa majini. Palikuwa tayari mahali pa majini ndipo watu wakachoma chokaa, wakakata matumbawe, wakalipa mafundi, wakajenga. Chokaa ya pwani hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo, kazi ya siku nyingi na kuni nyingi sana. Mtu hafanyi gharama hiyo kwa kitu anachokikimbia. Mimi naona Mbaraki ni kumbukumbu ya uhusiano zaidi kuliko hofu, na uhusiano wenyewe haujakatika, maana msikiti leo unaswaliwa na ubani bado unafukizwa.

Sasa panda matatu ya Mtwapa. Utavuka daraja la Nyali, utapita Bamburi na Shanzu, utavuka daraja la mkono wa bahari, na mbele kidogo utashuka, utembee kuelekea ufukweni mpaka Jumba la Mtwana. Kutoka kisiwani ni kama kilomita 15. Hapa nilikuja mara ya kwanza nikiwa darasa la sita, na mwalimu alituhesabu mara mbili wakati wa kutoka, eti asije akarudi na wanafunzi wachache au na mmoja zaidi. Tulicheka, lakini kwenye basi kila mtu alimtazama jirani yake.

Jumba la Mtwana ni mji, si nyumba moja. Una misikiti, makaburi, visima, na nyumba kubwa za mawe zilizotawanyika katikati ya mibuyu. Ulichimbuliwa na James Kirkman mwaka 1972. Kwa kuwa hakuna maandishi yanayoutaja, jina lake la asili limepotea. "Jumba la Mtwana", nyumba ya mtumwa, ni jina lililobandikwa baadaye na waliolikuta gofu. Hivyo Kirkman akazipa nyumba majina kwa alichokiona: kuna Nyumba ya Milango Mingi, kuna Msikiti wa Bahari, na kadhalika.

Bila maandishi, umri unajulikanaje? Kwa vyombo vilivyovunjika. Kauri za China zilizokuja na biashara ya pepo za kaskazi na kusi zilibadilika kwa mitindo, kama simu zinavyobadilika leo. Kauri za kijani-kijani zilitangulia kuenea pwani yetu, na zile nyeupe zenye michoro ya buluu zikaja kutawala baadaye. Kwa hiyo ukichambua vigae vilivyo chini ya sakafu na vilivyo juu yake, unapata lini watu waliingia na lini waliacha kuvunja sahani. Kwa Jumba, jibu ni kwamba mji ulijengwa karne ya 14 na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Labda miaka 100, haizidi sana. Waliondoka kwa nini? Wapo wanaosema maji ya visima, wapo wanaosema biashara iliharibika, wapo wanaosema uvamizi. Mimi nikilazimishwa nitachagua maji pamoja na biashara, ila nisingeweka pesa yangu hapo.

Ingia ndani ya chumba kimoja. Utahisi kitu. Mimi huhisi kila mara, na siamini kwamba ni mawazo tu. Chumba ni kirefu na chembamba sana, karibu kama ukumbi wa kupitia. Sababu yake ni mti. Paa la nyumba ya mawe ya Waswahili lilikuwa bapa na zito, chokaa na mawe juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko iliyonyooka na yenye nguvu haibebi uzito huo ikizidi mita tatu hivi. Basi mkoko ndio uliokuwa ukiamua upana wa maisha ya watu. Vyumba vikapangwa kimoja nyuma ya kingine, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo mwanga unavyopungua, mpaka chumba cha mwisho kinakuwa giza na ubaridi hata saa nane mchana. Kwa wenyewe huo ulikuwa ndio uzuri wa nyumba: faragha, heshima, kimbilio la joto. Kwako wewe uliyezoea madirisha ya vioo, ni kaburi. Sauti yako inarudi imebadilika. Popo wanasogea. Mzizi wa mti umeshika ukuta kama vidole. Mwili unafanya hesabu zake wenyewe, kisha hadithi ya bibi inakuja kumalizia.

Wala si sisi tu. Kirkman huyo huyo, Mwingereza na msomi, aliwahi kuandika kuhusu magofu ya Gede, kule karibu na Malindi, kwamba alipoanza kazi alihisi kuna mtu au kitu kinamtazama kutoka nyuma ya kuta.

Hapa ndipo mambo yanapoanza kuniuma, na ndiyo sababu ya kuandika.

Nilipokuwa mdogo niliuliza nani alijenga Jumba. Nilijibiwa, "Majini." Nilipofika chuo kikuu nikasoma vitabu vya enzi ya ukoloni, nikauliza swali lile lile, na waandishi wengi wakanijibu: Waarabu, au Waajemi. Wageni walikuja na meli, wakajenga, wakaondoka. Wenyeji waliokuwa wakiishi hapo hapo hawakuonekana kabisa. Unaona jinsi majibu hayo mawili yanavyofanana? Katika yote mawili, bibi ya bibi yangu hayumo. Jini limejenga, au mgeni amejenga, lakini yeye hakubeba hata jiwe moja.

Jibu la pili lilianza kuvunjika miaka ya 1980. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine chini yake, mmoja juu ya mwingine, na ya mwanzo kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti na udongo. Mji wa mawe haukushuka kutoka kwenye meli. Ulikua polepole kutoka kijiji cha watu wa hapa hapa.

Na sasa tufike mahali petu pa tatu, magofu ya Mtwapa yenyewe, kwenye kingo ya mkono wa bahari. Mji huu uliishi muda mrefu kuliko Jumba, hadi karne ya 18. Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, amefanya kazi hapa kwa miongo kadhaa. Kuchimba makaburi kwenye jamii ya Waislamu ambayo bado inayatambua kama ya wazee wao si jambo la kuomba kibali ofisini tu. Alizungumza na watu, na makubaliano yakawa kwamba mifupa ichukuliwe sampuli, ichunguzwe, kisha irudishwe ardhini ndani ya msimu ule ule.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, mwandishi wa kwanza akiwa Esther Brielle. Walipima vinasaba vya watu 80 kutoka Mtwapa na miji mingine kama Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Walichokuta ni hiki. DNA ya mitokondria, ambayo mtu huipata kwa mama peke yake, karibu yote ilikuwa ya Kiafrika. Kromosomu Y, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa baba, kwa wengi ilitoka Asia, na katika urithi huo wa Asia sehemu kubwa zaidi ilikuwa ya Uajemi. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000.

Wengine walishangilia: kumbe hadithi ya Washirazi ni kweli! Naam, kwa kiasi chake. Lakini jiulize watoto wale walizungumza lugha gani. Hawakuzungumza Kiajemi. Walizungumza Kiswahili, lugha ya Kibantu, lugha ya mama zao. Baba akija na jahazi alikuta nyumba yenye wenyewe. Nikuonye pia kwamba sampuli nyingi zilitoka makaburi ya watu wenye hadhi, karibu na misikiti. Mvuvi, mkulima, mtumwa na mfunga boriti hawamo kwa wingi kwenye hesabu hiyo, na hao ndio waliokuwa wengi mjini. Kwa hiyo usichukue asilimia za mabwana wale ukaziita za mji mzima.

Nilimweleza bibi haya yote, mitokondria nikaiita "damu ya upande wa mama". Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo wale ni wetu." Nikasema ndiyo. "Basi ndiyo maana nilikwambia usiwasumbue."

Sikuwa na jibu, na bado ninalifikiria neno lake, hasa kwa jambo nililoliona mwenyewe mwaka juzi. Kuna kiwanja upande wa kaskazini, sitakitaja, kilichokuwa na kaburi la mawe na kipande cha ukuta wenye vidaka. Viwanja vya huko sasa ni dhahabu. Mwenye mali alileta vibarua kusafisha, na vibarua walipoona kaburi wakaweka majembe chini. Siku mbili kazi ilisimama. Si sheria iliyoisimamisha, ingawa sheria ya kulinda mambo ya kale ipo. Ni majini. Siku ya tatu alitafutwa mzee, ukafukizwa ubani, majini yakaombwa yahame, na kufikia alasiri mawe yalikuwa yamepakiwa kwenye lori. Nilifika jioni nikakuta kigae kimoja cha kijani kwenye udongo mwekundu.

Nilitoka nyumbani nikijiona nakwenda kupambana na ushirikina. Lakini fikiria misitu ya Kaya ya Wamijikenda, pamoja na ile ya Rabai isiyo mbali na Mombasa. Imebaki na miti yake kwa sababu watu waliogopa kukata, na mwaka 2008 UNESCO ikaiandika kama urithi wa dunia, imani zake zikiwemo. Je, nikimwondolea kibarua hofu ya jini, nimempa nini badala yake? Maana hofu ile ilipata siku mbili. Mimi na shahada yangu tulifika jioni.

Kwa hiyo siku hizi nikipeleka wanafunzi Jumba siwaambii hakuna majini. Nawaambia vyumba ni vyembamba kwa sababu ya mkoko, na nawaonyesha birika la Msikiti wa Bahari, pale ambapo watu walitawadha na kusugua miguu kabla ya kuingia. Mawe ya kusugulia bado yapo. Kila mara kuna mwanafunzi mmoja anayevua kiatu, anaangalia huku na huku, kisha anaujaribu mguu wake pale.